Kadi Zinazoanza na Sifuri Mbili

3 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimeshakuaga. Huku sote wazima. Baba goti bado linamsumbua lakini fimbo hataki hata kuisikia, anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka sabini na mbili. Mke wa kaka amejifungua mapacha, wote wa kike, na kaka tangu Jumapili anatembea kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Wanakusalimu.

Najua simu ingefika upesi zaidi, lakini nimekuwa nikikuandikia tangu uliponipeleka bweni, na mwenyewe ulisema maneno ya simu hayana droo ya kuwekwa. Basi hii iweke kwenye droo: nimepata kazi. Ni katika hospitali ya macho, chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya kwanza. Dirisha langu linatazama paa la jengo la kufulia, kwa hiyo siku nzima naona mashuka.

Kazi yenyewe ni hii. Kumbukumbu za hospitali zinakaa sehemu tatu, na sehemu hizo hazisalimiani. Stoo wana hifadhidata yao, yenye kila lenzi iliyoingia na iliyotoka. Chumba cha upasuaji wana majedwali ya kompyuta, moja kila mwezi, wauguzi wanayajaza wakiwa bado na kofia kichwani. Mapokezi wana mfumo wa zamani unaotoa mafaili marefu ya maandishi, na humo ndimo zilimo kadi za wagonjwa, anwani na simu zao. Kila sehemu ina lugha yake ya kuulizwa. Aliyekuwepo kabla yangu akitaka kitu stoo aliandika swali kwa lugha ya stoo, akalifungia ndani ya alama za kunukuu, akalitia katikati ya programu yake. Programu ililibeba tu, kama tarishi anavyobeba bahasha asiyojua kilichomo. Ukikosea herufi moja humo ndani, unajua siku swali limeshafika na kurudishwa, na siku hiyo mgonjwa keshalala mezani.

Sasa sikia uzuri. Lugha ya programu ninayoandikia mimi ina maneno ya kuuliza ndani yake yenyewe. Naandika: kutoka kwenye lenzi, zile za kundi fulani, unganisha na upasuaji, chagua mgonjwa. Basi. Nikiielekeza stoo, stoo inajibu. Nikiielekeza kwenye majedwali, yanajibu, na hata yale mafaili ya mapokezi. Kutafsiri kunafanyika huko chini, mimi sihangaiki. Na nikikosea, mashine inanipigia mstari mwekundu hapohapo, kabla sijaomba jibu lolote.

Mkuu wangu wa kazi tunamwita Bwana Subiri, maana kila ukimwonyesha kitu anasema "subiri", halafu anakitazama mpaka chai ipoe. Nilipomwonyesha swali langu la kwanza akasema, "Subiri." Akatazama. Kisha akasema, "Hili naweza kulisoma kwa sauti." Wenzangu wakageuka kunitazama. Wanasema hajamsifu mtu tangu mwaka juzi.

Na si mazoezi, Shangazi. Waliotengeneza lenzi, zile zinazowekwa ndani ya jicho baada ya kutolewa mtoto wa jicho, wametuandikia kwamba kundi moja lina kasoro. Baada ya mwaka hivi lenzi inaanza kuingia ukungu. Mtu anaona dunia inafifia tena, anadhani ni uzee, anakaa nyumbani. Lakini lenzi inaweza kubadilishwa. Kinachotakiwa ni kuwajua waliowekewa, wote, na kazi hiyo nimepewa mimi.

Niombee.

Binti wa kaka yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwenda kwa wengine. Hongera kwa mapacha, mwambie kaka yako alale wanapolala, asijifanye ana shughuli. Na baba yako mwambie mimi ni mkubwa wake kwa miaka mitatu, na nikisema fimbo ni fimbo.

Hapa mvua imegundua tundu jipya juu ya jikoni. Mpangaji wa chumba cha uani, yule fundi cherehani niliyekuambia, ameongeza mashine ya pili, na sasa akianza kazi hata vikombe kabatini vinapiga makofi.

Barua yako nimeisikiliza, yaani nimeisoma, mara mbili. Nimecheka peke yangu. Unajua mimi miaka thelathini na moja nilikaa masjala ya ofisi ya ardhi. Majalada yalikuwa juu, mengine chini, na ya zamani kwenye kontena huko nyuma, kila mahali pamepangwa kivyake. Mkuu mmoja alitaka kwa namba ya kiwanja. Mwingine kwa jina la mwenye nalo. Mwingine alisimama mlangoni akasema, "Nipe lile la yule bwana aliyegombana na jirani yake juu ya ukuta." Wote niliwajibu. Sasa unaniambia yupo mtu ameketi akaifanya kazi ile iwe sentensi! Mtu unauliza mara moja, na juu, chini na kontena vyote vinakuelewa! Ningekuwa na kitu hicho, nisingepanda zile ngazi mpaka viatu vikaisha visigino. Aliyekibuni namvulia kilemba, na wewe unayekitumia pia.

Ila kitu kimoja hujaniambia. Mashine inakujibu. Je, inakwambia pia isichojua?

Kula vizuri. Mashuka yatazame, lakini usisahau na watu.

Shangazi yako


9 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo tena. Mapacha wanaendelea vizuri, wa pili ana sauti ya mnadi bidhaa. Baba nilimfikishia ujumbe wa fimbo. Akauliza ni ya mti gani.

Kwanza nikuulize. Mbona mwandiko wako umebadilika? Herufi zako huwa zimesimama kama askari, hizi zimelala ubavu. Mkono unauma? Niambie.

Sasa kazi. Nimefanya, Shangazi! Stoo walisema lenzi mia mbili na kumi na mbili za kundi lile zilitoka kwenda chumba cha upasuaji. Nikaandika swali moja linalogusa sehemu zote tatu: lenzi kwa namba yake, upasuaji uliotumia lenzi hiyo, namba ya kadi ya aliyepasuliwa, na kutoka kwenye kadi, simu na anwani. Mistari tisa. Yule aliyenitangulia aliacha programu ya kurasa kumi na nne kwa jambo dogo kuliko hili.

Na kuna tabia yake moja nimeipenda sana. Swali halijibiwi pale unapoliandika. Linakaa, linasubiri, linajibiwa pale unapohitaji jibu. Niliandika Jumatatu, wauguzi wakarekebisha jedwali la mwezi mmoja Jumatano, na Alhamisi nilipoomba jibu, marekebisho yao yalikuwa yamo tayari. Bwana Subiri alisema hata yeye hajawahi kusubiri vizuri namna hiyo.

Zikatoka kadi mia moja tisini na tatu. Muuguzi mkuu alipanda ngazi mwenyewe kuja kuichukua orodha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wameanza kupiga simu. Mwalimu mmoja alipopigiwa alilia, alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi.

Hizo nyingine kumi na tisa wanasema pengine zilivunjika au zilirudishwa stoo. Bwana Subiri anasema huwa inatokea. Mashine haijapiga mstari mwekundu popote.

Nijibu habari ya mwandiko.

Binti wa kaka yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, posta ilifunga kwa matengenezo, na nilipotaka kutoka mvua ilikuwa imeshika njia. Paa limezibwa. Fundi wake alipanda na kiatu kimoja, sijui kwa nini, sikumuuliza. Baba yako mwambie fimbo ya mti wowote.

Mistari tisa! Nimejivuna mbele za watu. Mpangaji wangu sasa anawaambia wateja wake kwamba nyumba hii imetoa mtu anayeongea na stoo tatu kwa mpigo.

Lakini zile kumi na tisa zimeninyima raha. Zilivunjika, nani kasema? Kaandika wapi? Acha nikuambie tulivyofanya masjala. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa nitafute majalada ya watu wa mtaa mmoja uliokuwa unapitishiwa barabara. Nikaleta yote niliyoyapata, nikasifiwa. Baada ya mwezi akaja mama mmoja na vyombo vyake kwenye mkokoteni. Jalada lake lilikuwapo, ila karani alikuwa ameliandika kwa jina la marehemu mumewe, na mimi nilitafuta kwa la kwake. Halikufanana, basi sikuliona. Na kwa kuwa sikuliona, sikujua kama kuna kitu sijakiona.

Tangu siku ile nikawa na daftari la pili. Kila nikitafuta, upande mmoja naandika niliowapata, upande mwingine wasiopata mwenzi: namba isiyo na jalada, jalada lisilo na mtu. Na jioni sikutoka mpaka nimewapitia hao wa upande wa pili, mmoja mmoja. Wakuu walilipenda daftari la kwanza. Mimi nililipenda la pili.

Kwa hiyo iulize mashine yako hivyo. Usimtafute mtu kwa jina, watu wana majina mengi. Na usiombe wanaofanana peke yao. Omba waliobaki.

Shangazi yako


15 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, mapacha wazima, baba anatembea na fimbo akidai ni ya kufukuzia mbwa.

Nilifanya ulivyosema. Lugha hii inajua kuuliza hivyo pia, kumbe, ni mimi sikuwa nimeuliza. Nikaandika: nipe kila upasuaji wa lenzi hizi, hata kama kadi yake haipo mapokezi, na pale pasipo na kadi acha wazi. Ikanipa mia mbili na kumi na mbili kamili. Hakuna iliyovunjika. Hakuna iliyorudishwa. Mistari kumi na tisa ilikuwa na nafasi wazi mahali pa jina.

Nikampelekea Bwana Subiri. Hakusema subiri. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akasema, "Tuanze na wa kwanza."

Tulipitia mmoja mmoja, kama daftari lako. Namba zao zote zilikuwa fupi. Mia nne na kumi na saba, kwa mfano, wakati kadi za mapokezi zina tarakimu tano. Ndipo tukaelewa. Wagonjwa wanaotoka mbali hupewa kadi zinazoanza na sifuri mbili. Muuguzi anaandika sifuri sifuri nne moja saba kwenye jedwali, na jedwali, kwa kuwa linadhani hii ni hesabu, linazifuta sifuri za mbele. Mapokezi bado wanazo. Kwa macho ya mtu ni namba ileile. Kwa swali langu zilikuwa mbili tofauti. Mashine haikukosea: niliomba wanaofanana, ikanipa wanaofanana. Wote kumi na tisa ni watu waliotoka mbali.

Nilirudisha zile sifuri kwa mstari mmoja tu. Nafasi zikajaa majina.

Shangazi, hapa nimeweka kalamu chini nikaichukua tena mara nyingi. Nilishuka kwa muuguzi mkuu na orodha. Aliisoma, akanitazama usoni, akafunga mlango.

"Unamfahamu mmoja wao?"

Nikasema nafahamu watu wengi.

"Barua ya hospitali naiandika mimi, leo," akasema. "Na wewe andika ya kwako. Ila ya faili yabaki kwenye faili."

Kwa hiyo yamebaki. Nakuomba kitu kimoja tu. Utapata bahasha yenye muhuri wa hospitali. Ifungue siku hiyohiyo. Nimepiga simu yako mara sita, imezimwa.

Binti yako


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usiulize mbona nimechelewa, nitasema mwenyewe.

Anayeandika barua hii ni mpangaji wangu, fundi cherehani. Ndiye aliyeandika tangu Februari, na ndiye anayenisomea zako. Anasema niseme polepole. Herufi zake zinalala kwa sababu anaandikia juu ya goti, mezani pamejaa vitambaa.

Bahasha ya hospitali ilifika tarehe ishirini na saba Aprili. Nikamwambia aitie droo. Akasema, "Mama, mwanao amesema ifunguliwe siku hiyohiyo." Nikamwambia hii nyumba ni yangu. Akaitia droo, akarudi kushona, hakusema na mimi siku tatu. Kisha akaja na mkasi wake, akasimama hapo na kusema, "Nifungue au nihame?" Akafungua.

Unakumbuka mwaka juzi nilipokuja mjini, nikafikia kwa mwenzangu wa zamani wa masjala, nikakuona siku moja tu? Ulikasirika, najua, ingawa ulinipakulia chakula kizuri. Nilikuwa nimekuja kupasuliwa jicho la kulia, la kushoto halijanifaa kitu tangu utoto. Wewe ulikuwa na mitihani. Nikasema mtu hawezi kusoma na kumshika mgonjwa mkono kwa wakati mmoja. Na mwaka ule mzima baada ya hapo niliona, mwanangu! Niliona hadi namba za mabasi. Ndiyo maana sikukuambia. Nilisema likishakwisha jambo, la nini kulisimulia?

Halafu ukungu ukarudi. Nilidhani ni zamu yangu imefika. Sikwenda kuuliza, kwa sababu nikienda nitaambiwa, na nikishaambiwa ndiyo imekuwa. Mimi niliyekufundisha kuulizia waliobaki nilikuwa mmoja wao, nimekaa hapa nakuelekeza pa kunitafuta bila kujua.

Nimeogopa. Hiyo ndiyo habari yote. Mwandishi wangu anataka niongeze kwamba nalia. Nimemwambia aandike mafua.

Shangazi yako


27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi.

Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Bwana Subiri amenipa siku nne, na aliponipa alisema, "Usisubiri." Nafasi yako ya upasuaji ni Jumatano inayofuata. Fungasha nguo nyepesi.

Nilikasirika mwaka juzi, ni kweli. Na sasa nimekasirika zaidi, ila hasira yenyewe haijui pa kukaa, maana kuna jambo langu pia. Kwenye kadi, mahali pa jamaa wa karibu, ulinitaja mimi. Karani akauliza uhusiano, ukasema mtoto. Namba uliyotoa ni ya ile laini yangu niliyoiacha baada ya mitihani. Kliniki walipiga mara tatu kukuita uchunguzwe. Nilikupa namba mpya kwa mdomo, mlangoni kwako, nikiwa na haraka, sikuiandika popote. Wewe ulificha jicho na mimi nilikuwa na haraka. Tuyaache hapo.

Mwambie fundi cherehani asihame. Namletea uzi.

Mwanao


11 Julai

Mwanangu,

Salaam kutoka kwa mtu anayeandika mwenyewe, mezani, karibu na dirisha. Nimesikia mapacha wameota jino siku moja, hao wataelewana. Baba yako amenitumia picha amesimama na fimbo kama mkuu wa wilaya. Kikohozi hakuna, paa halivuji.

Nilipofika nyumbani mwanamke mmoja alinifungulia mlango, nikamwamkia kwa heshima nikidhani ni mteja. Akacheka, ndipo nikaijua sauti. Mwaka mzima tumekaa nyumba moja na sikuwa najua kwamba fundi cherehani wangu ana mwanya, wala kwamba ni kijana hivyo. Nilikuwa nikimwita "mama" na yeye ananiita "mama".

Kuna jambo sikukusimulia nilipokuwa kwako. Ulipokuwa juu kazini asubuhi ile ya Ijumaa, siku ya kufunguliwa bandeji, wodini tulikuwa sita, wote wa sifuri mbili. Kitanda cha pembeni alikuwapo dereva wa lori. Miezi kumi na minne alikuwa nyumbani, amewadanganya tajiri wake na mkewe kwamba ni mgongo. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, na tangu tuingie alikuwa hajasema neno. Muuguzi alianza kufungua bandeji kwake.

Alikaa ametulia. Tukadhani haikufaa. Kisha, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, akasema:

"TAFADHALI NYAMAZA."

Sote tukanyamaza. Akasema tena, "WAGENI SAA KUMI HADI SAA KUMI NA MBILI." Ndipo tukaelewa. Alikuwa anasoma ukuta. "OSHA MIKONO. USIFUNGUE BANDEJI MWENYEWE." Akafika kwenye karatasi ndogo juu ya kabati, akakunja uso, akasoma tarehe ya ukaguzi na saini ya mkaguzi, na jina la mkaguzi alilitamka kama la rafiki yake. Muuguzi alikuwa amesimama na bandeji mkononi, machozi yanamtoka, anasema, "Endelea, baba, endelea."

Alipomaliza ukuta wake nilikuwa nimeshafunguliwa. Nikachukua ukuta wa pili. Nilisoma kila kitu, mwanangu, hadi maandishi ya kwenye ndoo. Wale wanne ambao bado walikuwa wamefungwa waligeuza vichwa kufuata sauti, na kila nikimaliza bango wakasema, "Lingine."

Saa tano tukaruhusiwa kutoka kwenda uani kupunga hewa. Dereva alikuwa mbele, mimi nyuma yake, akasimama mlangoni, akanigeukia.

"Mama, hapa pameandikwaje? Soma wewe."

Alikuwa anaona vizuri kuliko mimi. Alitaka tu kunipa zamu.

"Sukuma," nikasema.

Akasukuma.

Shangazi yako anayekutazama hata ukiwa mbali